Mbuyu Umesimama, Migunga Imekwisha: Urithi wa Mizinga Ukambani

*Familia za Kitui na Makueni bado huwapeleka wajukuu kurina asali kwenye mizinga ya mababu. Wataalamu na wazee wanabishana kuhusu aina ya mzinga, huku miti inayowalisha nyuki ikiishia kwenye magunia ya makaa.*

Kurina asali katika nyika ya Kitui Kusini huanza jua likishatua. Mtu mmoja hupanda mbuyu kwa kukanyaga vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina, vingine vya zamani kiasi kwamba gome limevimeza nusu. Begani ana kamba na mkoba. Mkononi ana kienge cha magome makavu, kinachofuka moshi bila kuwaka. Chini ya mti wamebaki wengine wa ukoo: mzee anayeelekeza kwa sauti ya chini, vijana wa kushika kamba, na mara nyingi mtoto wa shule aliyeletwa kutoka Nairobi au Machakos ili aone.

Ukambani hakuna bahari wala ziwa. Pale ambapo mvuvi wa Lamu au wa Mbita angempeleka mwanawe majini, Mkamba wa nyika humpeleka wake mtini. Safari hiyo ina kila kitu cha safari ya uvuvi: vifaa vya kuandaa tangu mchana, kungoja kwingi, hatari ya kweli, na uwezekano mkubwa wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Siku hizi uwezekano huo wa mwisho umezidi.

Gogo lenye jina la ukoo

Mzinga wa jadi wa Wakamba, mwatu, ni gogo la urefu wa mita moja hivi lililochongwa ndani likawa wazi. Ncha zake huzibwa kwa vifuniko vya duara vya mbao, kimoja kikiwa na tundu dogo la nyuki kuingilia. Gogo huninginizwa tawini kwa kulabu ya mti. Mafundi hupenda mukau, ambao moyo wake hauliwi na mchwa, au muuku. Asiyepata hiyo huchonga mbambara, mti laini usiomaliza nguvu za shoka. Mzinga wa mukau uliotunzwa vizuri unaweza kumzika aliyeuchonga na bado ukapokea nyuki.

Mzinga mpya hautiwi nyuki na mtu. Ndani hupakwa nta iliyoyeyushwa, kisha hutundikwa mahali ambapo makundi yanayohama hupita, na mwenyewe akasubiri. Kwa hiyo ujuzi mkubwa wa kazi hii ni wa kuchagua mahali: mti upi, tawi lipi, upande gani wa upepo, umbali gani na maji, na maua gani yatachanua karibu mvua ikinyesha.

Juu ya gogo huchorwa alama. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi miongoni mwa Wakamba miaka ya 1911 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa juu yao, aliona kwamba alama za ukoo ziliwekwa kwenye ng'ombe, kwenye mishale na kwenye mizinga. Haja ya alama hizo inaeleweka. Mzinga hukaa porini peke yake miezi mingi, pengine juu ya mti ulio mbali na boma la mwenyewe kwa mwendo wa siku nzima. Alama ndiyo iliyomwambia mpita njia kwamba asali ile ina wenyewe, na wizi wa asali ulihesabiwa miongoni mwa makosa mazito.

Baba alipofariki, mizinga iligawiwa wanawe pamoja na mifugo. Desturi ya Wakamba ya kumpa mtoto wa kiume wa kwanza jina la babu yake iliukaza urithi huo zaidi. Kijana aliyepewa jina la babu alipopanda mbuyu wa babu kufungua mzinga wenye alama ya babu, hakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini ameletwa pale.

> Baba alipofariki, mizinga iligawiwa wanawe pamoja na mifugo.

Asali yenyewe ilikuwa na shughuli nyingi. Ilikuwa chakula, dawa ya kifua na ya kidonda, bidhaa ya kubadilishana nafaka, na zaidi ya yote pombe. Kaluvu, pombe ya asali inayochachushwa kwa tunda la mwegea, ilikuwa ya wazee. Hapakujadiliwa posa kubwa wala kusuluhishwa ugomvi wa mipaka bila kibuyu chake kuwapo.

Kinachofundishwa juu ya tawi

Nyuki wa nyika za Kenya ni wakali. Wanasayansi humwita Apis mellifera scutellata, na ndiye aliyepelekwa Brazili mwaka 1956, akatoroka na kuwatisha watu katika bara zima la Amerika Kusini. Ukali huo ndio sababu ya kurina usiku, wakati nyuki hawaoni vizuri na wengi hutambaa badala ya kuruka.

Mafunzo yenyewe ni ya vitendo. Mrinaji hugonga gogo taratibu kwa kidole na kusikiliza: mzinga uliojaa masega hutoa mlio mzito, mtupu hulia kama ngoma. Hapulizi moshi kwenye tundu la kuingilia bali nyuma, akifungua kifuniko cha upande wa pili. Kuna sababu ya jambo hilo ambayo mwanafunzi hujifunza mapema. Malkia hutaga karibu na tundu, hivyo majana yako mbele. Asali huwekwa nyuma. Anayeingia kwa nyuma na kukata masega hadi anapoona majana, kisha akaacha, amechukua asali na kuliacha kundi hai. Anayefagia mzinga mzima amepata ndoo moja na kupoteza ya msimu ujao.

Masega yaliyozibwa kwa nta ndiyo yameiva. Yale yaliyo wazi bado yana maji mengi, na asali yake itachacha. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka maji yasizidi asilimia 20 ya asali. Mzee asiyejua asilimia hufika palepale kwa kutazama kifuniko cha nta.

Mchana kabla ya kazi hiyo, watoto huonyeshwa jambo jingine: mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu anayeita na kuruka mti hadi mti akimwongoza mtu kwenye nyuki wa porini. Mwaka 1989 watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Walikuta kwamba kutafuta kundi la nyuki bila ndege kuliwachukua watu takriban saa 9 kwa wastani, na kwa msaada wa ndege saa 3 na dakika chache. Wazee wa Kitui wangeweza kusema hivyo bila saa. Kipande cha sega huachwa kwa ajili ya mlembe, kwa kuwa yeye hula nta.

Familia zilizohamia mijini hupanga safari hii kufuata likizo za shule, lakini nyuki hawajui kalenda ya wizara. Ukambani kuna misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na hii ya pili ndiyo ya kutegemewa. Asali huiva baada ya maua, na maua hufuata mvua. Mvua ikichelewa wiki tatu, mtoto amerudi shuleni kabla mzinga haujawa tayari. Wapo wazee ambao hurina kidogo kabla ya wakati ili tu mjukuu aone, na hilo nalo lina gharama yake.

Sanduku dhidi ya gogo

Ubishi unaosikika zaidi katika mikutano ya wafugaji nyuki ni wa mzinga upi ufaao. Pande zote mbili zina hoja.

Maofisa wa mifugo na wafadhili wamehimiza mizinga ya kisasa kwa zaidi ya nusu karne. Mapema miaka ya 1970, kwa ushirikiano wa Kenya na Kanada, ulibuniwa mzinga wa sanduku lenye ubavu wa mshazari, unaojulikana vijijini kwa herufi za jina lake la Kiingereza, KTBH. Juu yake hupangwa vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32, kipimo cha nyuki wa Afrika, na kila sega hujengwa kwenye kipande chake. Mfugaji huinua sega moja, akatazama, akalirudisha. Baadaye ulienea mzinga wa Langstroth, uliopewa jina la mchungaji Mmarekani aliyeupatia hataza mwaka 1852. Huu una fremu na ghorofa, na asali yake hukamuliwa kwa mashine bila kuvunja sega.

Hoja ya upande huu ni usafi na soko. Asali ya gogo ikikamuliwa pamoja na majana, chavua na majivu ya kienge, mnunuzi huishusha bei. Anayesafiri barabara ya Mombasa huona chupa za asali zimepangwa mezani Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na hana njia ya kujua iliyo safi, iliyochomwa moto kupita kiasi, wala iliyotiwa sukari. Huko Mwingi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilisaidia wafugaji kujipanga, kujenga mahali pa kuchakata na kupata cheti cha asali ya kilimo hai. Asali ya Mwingi ilipata jina kutokana na kazi hiyo.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, ya wanawake. Desturi iliwaweka mbali na mizinga: kupanda mti hakukuwa kazi yao, na kwa hiyo mizinga haikuwa mali yao. Mzinga uliotundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, kwa kimo cha kiuno, uliondoa kisingizio hicho. Makundi ya wanawake wa Kibwezi yalianza kufuga nyuki miaka ya 1980, na leo katika vikundi vingi vya Makueni na Kitui waweka hazina na wenye mizinga ni kina mama. Mjukuu wa kike ambaye zamani angebaki nyumbani kuchochea moto sasa huvaa vazi la kinga na kushika bomba la moshi.

> Mzinga wa kimo cha kiuno uliwapa wanawake mali ambayo mbuyu uliwanyima.

Upande wa wazee hujibu kwa swali moja: hayo masanduku yana nyuki? Mengi hayana. Katika sehemu kavu za kaunti hizi, mizinga ya msaada hupatikana imepangwa safu moja kwenye shamba la kikundi, rangi bado inang'aa, buibui wakiwa ndio wakazi. Mbao nyembamba za sanduku hupata joto kali kuliko gogo nene. Mizinga yote imewekwa mahali pamoja kwa sababu ya urahisi wa mradi, na si kwa sababu nyuki hupita hapo. Mashine ya kukamulia iko kwa mwenyekiti. Na mzinga wa kiwandani hugharimu pesa ambazo familia ya Mutha au Kanziko ingenunulia mbuzi, ilhali gogo ni la jasho tu.

Ukweli ni kwamba mzinga wowote hujaa penye maua, na hakuna unaojaa pasipokuwa nayo. Nusu karne ya mijadala ya sanduku na gogo imetumia fedha na semina nyingi kujibu swali la pili kabla ya la kwanza.

Mti usiofaa kwa makaa

Swali la kwanza ni chakula cha nyuki. Mbuyu unaobeba mizinga hautegemewi sana na nyuki kwa chakula. Maua yake hufunguka usiku, hudumu muda mfupi, na wageni wake wakuu ni popo. Asali ya Ukambani hutoka kwa wengine: muthiia na migunga mingine, muuku, mbambara, na vichaka vinavyochanua kwa siku chache baada ya mvua ya kwanza.

Na hiyo ndiyo miti ya makaa. Mbao za muthiia ni nzito na makaa yake huwaka muda mrefu, ndiyo maana gunia lake hupendwa Nairobi na Mombasa. Mbuyu hauna faida kwa mchoma makaa: ndani yake ni kama sifongo iliyojaa maji. Matokeo yake ni mandhari inayoweza kumdanganya mgeni. Mibuyu mikubwa imesimama, mizinga yenye alama za koo bado inaning'inia, na chini yake ardhi imekuwa wazi hadi upeo wa macho.

> Mizinga bado inaning'inia mibuyuni. Kilichoondoka ni maua.

Serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje ya kaunti Januari 2018. Mwezi uliofuata lori la makaa liliteketezwa barabarani, na mvutano ukafika kwa wafanyabiashara na wanasiasa wa kaunti nyingine. Mwezi huohuo serikali ya taifa ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, amri iliyoendelea hadi Julai 2023 ilipoondolewa. Marufuku hayo yalipunguza malori ya mchana. Pikipiki za usiku ziliendelea.

Wachoma makaa nao wana upande wao, na si haki kuwataja kama maadui wa nyuki na kuondoka. Wengi ni watoto wa familia zilezile zenye mizinga. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika maeneo kame ya Kenya. Mahindi yalikauka, mbuzi walikonda hadi hawakuuzika, na nyuki wakahama, kwa maana nyuki wa Afrika hawangoji njaa iwaue. Mzinga haukuwa na kitu cha kuuza. Mgunga ulikuwa nacho. Baba aliyekata muthiia miaka hiyo alilipa karo ya yuleyule ambaye angemrithisha mizinga.

Adui mwingine hana harufu ya moshi. Kitui na Makueni hulima ndengu kwa wingi, na Makueni ni kaunti ya maembe, yenye kiwanda chake cha matunda Kalamba kilichofunguliwa mwaka 2017. Ndengu hunyunyiziwa dawa dhidi ya vidukari zinapochanua, na miembe hunyunyiziwa inapotoa maua, wakati uleule ambao nyuki wako kazini. Mkulima hupoteza wachavushaji wake mwenyewe. Hili angalau lina suluhisho jepesi: kunyunyizia jioni nyuki wakisharudi, na kumpigia simu jirani mwenye mizinga siku moja kabla ili azibe matundu. Pale ambapo majirani wanaelewana, hufanyika.

Mti wa jirani, sheria ya Nairobi

Zamani mtu aliweza kutundika mzinga juu ya mti wa porini, au wa mwenzake kwa ruhusa, na kifuko kidogo cha asali kikawa shukrani. Hatimiliki zimeibadilisha desturi hiyo. Shamba likigawanywa kati ya ndugu watano na mmoja akauza kipande chake, mbuyu wa babu unaweza kujikuta ndani ya ua wa mgeni asiyeijua alama iliyo kwenye gogo, na ambaye kwa haki kabisa hataki nyuki wakali karibu na watoto wake.

Watunga sheria wa Nairobi nao waliugusa ufugaji huu. Muswada wa Mifugo wa 2021 ulipendekeza kwamba wafugaji wa nyuki wasajiliwe, pamoja na adhabu kwa watakaokaidi. Watetezi walisema usajili ungesaidia kudhibiti magonjwa na ubora. Wafugaji waliona kwamba mzee mwenye magogo kumi na mawili katika mibuyu mitatu angegeuzwa mhalifu kwa kurithi. Muswada uliondolewa mwaka 2022, lakini hoja ya nani anamiliki nyuki wa porini walioingia katika gogo la mtu bado haijapata jibu la kisheria linaloeleweka kijijini.

Jirani anayeogopa nyuki wakali anaweza pia kufaidika nao: upande wa Taita, ng'ambo ya mbuga ya Tsavo, mizinga imepewa kazi mpya. Tangu 2009 huko Sagalla, karibu na Voi, mtafiti Lucy King na wakulima wamezungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, moja kila mita kumi. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba ndovu wanane kati ya kumi waliofika kwenye ua huo waligeuka. Vijiji vya Makueni na Kitui vinavyopakana na mbuga hiyo vina ndovu haohao na nyuki haohao.

Kinachopandwa na kinachoachwa

Kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, huko Kitui, kwa msaada wa Japani tangu miaka ya 1980, kimefanya kazi kubwa ya kuotesha mukau, ambao mbegu yake ni ngumu na hukataa kuota bila kusaidiwa. Mashamba mengi sasa yana safu za mukau unaokua kwa ajili ya mbao, na maua yake hufuatwa na nyuki. Ni mti unaotoa mzinga na chakula kwa pamoja, na bei ya mbao zake humpa mwenye shamba sababu ya kungoja miaka kumi au kumi na mitano.

Migunga kwa kawaida haioteshwi na mtu, na haihitaji. Muuku na baadhi ya migunga huchipua tena kwenye kisiki ikiwa mbuzi watazuiwa. Baadhi ya familia za Kitui Kusini zimeanza kutenga eka mbili tatu kuzunguka mbuyu wenye mizinga, zikaweka boma la miiba na kukataza shoka ndani yake. Wajukuu wanapokuja likizo, kazi ya mchana sasa huwa kukagua boma hilo na kuziba mapengo, na usiku kupanda ikiwa gogo limelia vizuri. Wasipokuta asali, huonyeshwa machipukizi na kuelezwa ni mvua ngapi bado.